Umepona? Hivi ndo unavyowashukuru waliokuuguza

Kwanza usikimbilie kuandika "asanteni wote Mungu awabariki" kwenye grupu la WhatsApp ukadhani umemaliza. Andika sawa, ila shukrani inayomwingia mtu ni ile inayotaja alichofanya. "Dada ule uji wa ulezi uliokuwa unaniletea saa 12 asubuhi kabla hujaenda kazini ndo ulionifanya niweze kumeza dawa." Akisikia hivyo anajua kumbe ulikuwa unaona.

Shida ni kwamba mambo mengi hukuyaona, ulikuwa hoi. Kwa hiyo kaa na aliyekuwa anakuuguza muulize pole pole, nani alilala nje ya wodi, nani alifua mashuka, nani alibaki na watoto, nani alizunguka maduka ya dawa usiku. Waliotoa michango majina yao yapo kwenye grupu, hao hawapotei, wanaosahaulika ni jirani aliyekuwa analisha kuku wako na yule kijana wa bodaboda aliyekuwa anapeleka chakula hospitali hadai hata mia.

Kuhusu michango, mweka hazina aweke hesabu wazi, imeingia shilingi ngapi, imetumika wapi, imebaki ngapi. Mimi hiyo naihesabu ni shukrani kamili. Ikibaki waulize wenyewe kabla hujailipia ada ya shule. Na ukishukuru usitaje nani katoa kiasi gani jamani, mwenye elfu mbili atajisikia vibaya bure.

Waliokutolea damu wape taarifa kwamba umetoka salama, wengi hawaambiwagi. Usiwaombe tena haraka kwa ajili ya mgonjwa mwingine, mwanaume anakaa miezi 3 ndo atoe tena, mwanamke 4.

Wazee wapigie simu. Shangazi wa kijijini stetasi yako haoni, na hata akiionyeshwa hiyo kwake sio shukrani. Mpigie jioni akiwa ametulia, msalimie na wa nyumbani wote, na ukipata nguvu ya kupanda basi nenda ukamwone, atataka kukuangalia kwa macho yake. Washkaji wa rika lako voisi tu inatosha.

Halafu vyombo. Nyumba ya mgonjwa inajaaga hotpoti na chupa za chai za watu, geuza chini uangalie, kina mama wengi wanaandika jina kwa rangi ya kucha. Pwani chombo hakirudi kitupu, tia hata maandazi manne au machungwa.

Ambao hawakuja waache. Zile stetasi za "sasa nimewajua marafiki wa kweli" zinaharibu yote, mwingine hakuwa na nauli, mwingine akinusa tu harufu ya wodi anakumbuka alikompotezea mama yake.

Ukitaka kufanya dua nyumbani au kutoa sadaka ya shukrani kanisani fanya kwa uwezo wako, usikope wakati deni la hospitali bado lipo. Na tafadhali, siku hiyo yule dada aliyekuuguza ndo usije ukamkuta jikoni anageuza pilau la wageni!! Tafuta mpishi mwingine, yeye mkalishe mbele, mpe kitenge chake na nauli, aende kwake akalale na simu kaizima.