Kabla hujaingiza umeme kwenye jakuzi

Mteja akiniita kufunga jakuzi, siangalii beseni kwanza. Nafungua kifuniko cha mota nisome kibati: volti ngapi, ampea ngapi. Hita ya kilowati 3 ikiwaka pamoja na pampu ya kilowati 1.5 kwenye volti 230, zinavuta karibu ampea 20, na zinavuta kwa saa nyingi mfululizo. Kwa hiyo jakuzi ya namna hiyo ipewe laini yake peke yake kutoka mein swichi, isichangie na friji wala pasi. Ekstensheni usiiguse kabisa.

Gharama ya kufunga umeme hailetwi na jakuzi yenyewe, inaletwa na umbali. Kadiri beseni lilivyo mbali na mein swichi ndivyo waya wa shaba unavyotakiwa kuwa mnene zaidi, na shaba ni ghali. Ongeza paipu za kupitishia waya, kuchimba mtaro, na kama bodi ya breka imejaa, bodi mpya. Ukiweza kulisogeza beseni karibu na nyumba, lisogeze.

Pasipo na mjadala kwangu ni kinga ya uvujaji wa umeme, ile inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Breka ya kawaida inalinda waya, haimlindi mtu aliye majini. Ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, nayo ipimwe kwa mita, siyo kwa macho. Swichi ya kuzimia ionekane kutoka kwenye beseni, lakini aliyemo ndani asiifikie kwa mkono.

Kazi hii mpe fundi mwenye leseni. Akimaliza, mwambie abonyeze kitufe cha majaribio cha ile kinga ya uvujaji mbele yako; umeme usipokatika papo hapo, asiingie mtu.