Somo: Rekebisha njia ya maji kwanza, maua yafuate

Kila masika yakianza napigiwa simu za aina moja: ukoka umesombwa, tope limejaa barazani, ukuta wa fensi umepata ufa. Nikifika nakuta mwenye nyumba ameshatumia fedha nyingi kwa miche na pevingi, lakini hakuna aliyeuliza maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Nimeandika nikifikiria viwanja vya mteremko vya Dar es Salaam, kama vya Goba na Kimara. Wa tambarare pia mtapata la kwenu.

Hatua ya 1: Toka nje mvua ikinyesha

Chukua mwavuli na vijiti ishirini hivi. Mvua ikishakolea, zunguka kiwanja chote. Choma kijiti maji yanapoingia, yanapotuama na yanapotokea. Rudi kesho yake asubuhi: dimbwi lililolala hapo ndilo kazi yako ya kwanza, maana likikaa wiki na zaidi linazalisha mbu.

Bustani yangu ya kwanza niliitengeneza Januari, udongo ukiwa mkavu. Aprili maji yakaingia sebuleni usiku. Tuta la maua nililoinua kwa mikono yangu lilikuwa limeziba njia pekee ya maji. Tangu hapo sikubali kazi kabla sijakiona kiwanja kikiwa kimelowa.

Hatua ya 2: Pima mwinamo

Macho yanadanganya. Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 10, uujaze maji bila kubakiza mapovu ya hewa. Mmoja ashike ncha moja ukutani, mwingine ncha ya pili mita 3 kutoka hapo. Maji yakitulia, usawa wake ni mmoja pande zote mbili. Pima kila upande kutoka kwenye maji hadi ardhini. Ardhi ya mbali na nyumba iwe chini kwa sentimita 15 kuliko ya ukutani. Pevingi inatosha ikiinama sentimita 2 kwa kila mita, mradi iiname kwenda nje.

Hatua ya 3: Maji ya bati

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 30, linakumwagia lita 3,000 kwa mkupuo mmoja. Hizo zikianguka kwenye mteremko bila gata, hakuna ukoka utakaosimama. Weka gata, elekeza kwenye simtanki, na maji yanayofurika yashuke kwa bomba hadi kwenye shimo lililojazwa mawe. Shimo hilo liwe mita 3 au zaidi kutoka ukutani, na mbali na shimo la choo. Usimwelekezee jirani wa chini; tope lake mtagombania miaka.

Hatua ya 4: Kushika mteremko

Hapa ndipo ninapoomba mtulie.

Maji yakishuka moja kwa moja yanachukua kasi, na kasi ndiyo inayochimba korongo. Kazi yako ni kuyakatisha njiani. Pima mistari inayokata mteremko kwa usawa (ule mpira wa maji unafaa hapa pia), kisha uweke makinga maji juu ya mistari hiyo. Wakulima wa Ukambani, Kenya, wana njia yao ya fanya juu: unachimba mfereji, udongo unautupa upande wa juu uwe tuta. Kwa uani mfereji wa kina cha sentimita 30 unatosha.

Juu ya tuta panda vetiva (nyasi ndefu za kushika udongo), shina hadi shina sentimita 10 hadi 15. Ukiacha nafasi kubwa, maji yanapenya katikati na kazi imeharibika. Mizizi yake inashuka wima zaidi ya mita 2, haitambai kwenda kwa jirani. Ukiikosa, mchaichai unasaidia kwenye mteremko mdogo, na chai yako iko hapohapo.

Matairi yaliyojazwa udongo nimeyaona yakidumu, ila yapangwe kwa kurudi nyuma kidogo kila safu, kama ngazi. Ukijenga ukuta wa mawe, acha matundu ya kutolea maji na nyuma yake weka kokoto. Ukuta unaoanguka mara nyingi umesukumwa na maji yaliyokosa pa kutokea. Ukizidi mita 1 kwenda juu, mwite mhandisi.

Hatua ya 5: Miti na ukoka

Sasa nunua miche. Kivuli kinatakiwa zaidi upande wa magharibi, jua la alasiri linakopiga ukuta. Mwembe upe mita 8 kutoka nyumbani. Mti wa mpira na jamii ya mikuyu usiusogeze karibu na mabomba wala shimo la choo. Mizizi yake inafuata maji. Ukoka upande mvua zikianza, uwe umeshika kabla ya kiangazi.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Kaka, niko Kigamboni, mchanga mtupu. Namwagilia kila siku maji ya kisima na ukoka bado unaungua. Tatizo nini?*

Dada, yaonje hayo maji kwanza. Karibu na bahari visima vingi vina chumvi, na ukiona ukungu mweupe juu ya udongo ukikauka, jibu umepata. Badilisha, upande ukoka aina ya paspalamu. Inavumilia chumvi kuliko aina nyingi. Pia changanya samadi iliyooza, tabaka la sentimita 5, ndani ya mchanga. Halafu mwagilia mara chache lakini maji yashuke chini, mizizi iyafuate.

*Mwalimu, shikamoo. Kwetu udongo ni mfinyanzi, maji hayanywi. Fundi anasema nimwage lori la mchanga.*

Marahaba. Usimwage. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi unaweza kugeuka mgumu kama tofali. Tumia mboji na majani makavu kila msimu, na maua yapande juu ya matuta. Pale panapobaki maji, panda magimbi au kana (maua ya majani mapana), yanapenda unyevu.

*Nimeshaweka pevingi uani kote, maji yanarudi mlangoni. Nibomoe yote?*

Hapana, ndugu. Ng'oa safu za upande wa chini tu, upana wa nusu mita, chimba na ujaze kokoto. Pima mwinamo kabla hujang'oa. Kama pevingi inainamia nyumba, sehemu ya mlangoni itabidi ifumuliwe na kupangwa upya.

*Chini ya mwembe ukoka haukubali kabisa.*

Kivuli kizito. Jaribu ukoka wa majani mapana, ule wa Pemba. Usiposhika, funika kwa majani yaliyoanguka au changarawe, na uweke benchi.

*Mimi mpangaji, sina ruhusa ya kuchimba.*

Tumia ndoo zilizotobolewa chini, uzipandishe juu ya vipande vya tofali. Mlimao kwenye ndoo ya lita 20 unaanza vizuri, na ukihama unahama nao.