Simu ya "mwanao ameanguka shuleni": kata kwanza

Ndugu zangu, hasa wenye watoto bweni, shikeni hili. Mtu anapiga, anajiita mwalimu wa zamu: mtoto ameanguka, yuko hospitali, daktari anasubiri hela ya kipimo, tuma sasa hivi kwenye namba hii. Nyuma kuna kelele, pengine hata sauti ya mtu analia.

Tapeli anachotaka ni uogope tu. Ukishaogopa, akili yote inakimbilia ile hatari moja, na maswali ya kawaida kabisa hayakujii: mbona hakutaja jina la mtoto mpaka nilipolitaja mimi? Mbona hela inakwenda kwa jina la mtu binafsi, si la hospitali? Ndiyo maana hata watu makini huibiwa, na tusiwacheke.

Kwa hiyo usijaribu kuchambua mambo ukiwa bado kwenye simu. Kata. Leo hii andika namba ya mwalimu mkuu na ya matroni kwenye karatasi, bandika ukutani, na simu kama hiyo ikija, wapigie wewe. Mwalimu wa kweli hatakasirika. Wa uongo atarudi haraka, mkali: "Unataka mtoto afe?" Hapo ujue kabisa ni tapeli.

Kwa walioko Tanzania, ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Waelezeni na bibi na babu, maana wao wakisikia mjukuu anaumwa hutuma kabla hata ya kuuliza.