Kabla mwanafunzi hajafungua video ya somo likizoni

Shule nyingi za Tanzania, hasa za bweni, haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Ndiyo maana kwa wengi video za masomo ni jambo la likizo: Juni, na ile Desemba ambayo nusu yake huliwa na safari na sikukuu. Muda ni mfupi. Video zenyewe zipo za kumwaga, na nyingi ni nzuri. Kinachokosekana ni mwanafunzi kujua anaingia kutafuta nini. Anayeandika "physics form three" ataletewa mamia ya video, ataangalia nusu ya ile ya kwanza, robo ya pili, na baada ya saa moja utamkuta kwenye magoli ya Simba na Yanga.

Kwa hiyo maandalizi ya kwanza hufanyika shuleni kabla ya kufunga. Mwanafunzi aandike mada zinazomsumbua, tena aziandike kwa undani. "Hesabu" si mada. "Logarithm" nayo bado ni pana. "Kutafuta logarithm ya namba iliyo chini ya 1 kwa kutumia jedwali": hiyo sasa inatafutika, na mwalimu akiiona anajua pa kuanzia. Mada tano au sita za namna hiyo zinatosha likizo nzima.

Mfano huo nimeuchagua makusudi. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani (NECTA) limekuwa likiruhusu majedwali ya hisabati katika mtihani wa Basic Mathematics wa kidato cha nne na kukataza kikokotoo. Sasa mpeleke mwanafunzi kwa mwalimu wa Marekani au India. Maana ya logarithm ataielewa, pengine kuliko alivyoielewa darasani. Lakini ikifika kwenye jibu, mwalimu anabonyeza kikokotoo na kupata -1.3010 kwa logarithm ya 0.05, wakati kwenye daftari la shule imeandikwa 2.6990 yenye kistari juu ya ile 2. Mtoto anadhani mmoja kati ya walimu wake amekosea. Hakuna aliyekosea: 2 yenye kistari ni hasi mbili, ukiijumlisha na 0.6990 unapata -1.3010 ileile. Bila kuambiwa hivyo, atapoteza jioni nzima, na pengine imani na somo.

Ushauri wangu ni kugawanya kazi. Video za nje zitumike kuelewa wazo, na za walimu wa nyumbani zitumike kujifunza jinsi kazi inavyoandikwa hatua kwa hatua kwenye karatasi ya mtihani. Khan Academy, kwa mfano, ilitokana na Salman Khan kumfundisha binamu yake hesabu kwa mbali mwaka 2004, na video zake zikaanza kuwekwa YouTube mwaka 2006. Ni hazina, lakini imejengwa juu ya mtaala wa Marekani. Mwanafunzi atakutana na "slope" pale alipozoea "gradient", na futi na ratili pale alipozoea mita na kilo. Aambiwe mapema, asishtuke.

Suala la mtaala linahitaji jicho la ziada kipindi hiki. Mtaala mpya ulianza kutumika mwaka 2024 na unaingia kwa awamu, kwa hiyo ndani ya nyumba moja kaka anaweza kuwa kwenye wa zamani na mdogo wake kwenye mpya. Aliye kwenye somo la Historia ya Tanzania na Maadili hatasaidiwa sana na video za Civics za mwaka 2018, hata kama zimetazamwa na watu laki moja. Angalia tarehe ya video, kisha ifananishe mada na kitabu cha Taasisi ya Elimu Tanzania. Vitabu hivyo vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya taasisi hiyo, kwa hiyo kukosa nakala ya karatasi si kikwazo.

Tuje kwenye bando. Video ni ya bure, kuitazama si bure. Mwalimu anayeandika ubaoni anasomeka vizuri tu kwa ubora wa picha wa 360p. Ukiiacha simu ichague yenyewe inaweza kupanda hadi 720p na kula zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Kama mtandao wako una bando la usiku la bei nafuu, mzazi apakue video za wiki nzima usiku mmoja kwa kutumia kitufe cha kupakua kilichomo ndani ya programu ya YouTube. Video iliyopakuliwa hivyo hukaa ndani ya programu hiyo, huwezi kuirusha kwenye simu nyingine, na baada ya muda simu itadai iingie mtandaoni ndipo iendelee kuifungua. Futa picha na vichekesho vya magrupu kwanza, maana nafasi huisha katikati ya kupakua.

Simu yenyewe ni ya nani? Kwa familia nyingi ni ya mama au baba, na ndiyo ofisi yake: wateja wanapiga humo, hela inaingia humo. Mpango wa "utasoma nikiwa na nafasi" hauzai kitu. Pangeni saa maalumu, tuseme saa mbili hadi saa tatu usiku, mzazi awe amemaliza simu zake na chaji ipo. Namba ya siri ya pesa ibaki kichwani mwa mzazi. Zimeni ile hali ya video kujifuatisha zenyewe, na data pia kama video imeshapakuliwa. Kwa wadogo wa msingi, ambao wanafundishwa kwa Kiswahili, Ubongo Kids ya Dar es Salaam imekuwepo tangu 2014 na hesabu zake za katuni hazihitaji mtu wa kutafsiri.

Anayeingia kidato cha kwanza ana shida ya aina yake, kwa sababu somo alilolijua kwa Kiswahili linarudi kwa Kiingereza. Sioni ubaya aanze na video ya Kiswahili ili aelewe usanisinuru ni nini, ilimradi akitoka hapo atazame moja ya Kiingereza na kuandika maneno yatakayomkuta kwenye mtihani. Akiishia kwenye ya kwanza ataelewa swali likielezwa, lakini ashindwe kulijibu.

Daftari na kalamu viwepo kabla video haijaanza. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa kuwa kumtazama mtu akikokotoa vizuri kunamfanya mtazamaji ajihisi naye anaweza. Mwalimu akishaandika swali, simamisha. Fanya mwenyewe mpaka ukwame, ndipo uendelee. Ukikwama andika dakika na swali lako, kwa mfano "dakika ya 7, kwa nini kagawanya kwa mbili?" Video ya dakika kumi ikichukua dakika arobaini, hapo unasoma.

Mahali ambapo video inazidi kitabu kabisa ni kwenye maabara. Shule yenye bureti (mirija ya kioo yenye vipimo na koki) chache na wanafunzi wengi humwacha mwingine amalize kidato cha tatu bila kuishika. Video ya titresheni (kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine hadi rangi ibadilike) iliyopigwa kwa karibu itamwonyesha jicho linavyowekwa usawa wa kimiminika wakati wa kusoma bureti, na lile tone moja linalobadilisha rangi yote ya kiashirio cha methyl orange. Atajua cha kutafuta siku zamu yake ikifika. Kufungua koki kwa mkono mmoja huku mwingine unatikisa chupa, hilo hatalipata kwenye kioo cha simu. Kwa hiyo kwenye orodha yake ya Januari aandike kabisa: kumwomba mwalimu wa kemia nafasi ya kurudia jaribio hilo mara shule zikifunguliwa, kabla foleni ya kidato cha nne haijajaa.