VA imekunyima nyongeza ya PTSD: pa kuanzia na pa kupitia

Jamaa mmoja, Mkenya aliyehudumu Afghanistan akiwa na jeshi la Marekani, alikuja kwangu na barua ya VA, idara ya Marekani inayohudumia maveterani, imekunjwa mara nne. Alikuwa na asilimia 30 ya ulemavu kwa PTSD, yaani maradhi ya akili yanayobaki baada ya kiwewe, na asilimia hiyo ndiyo inayopanga malipo yake. Akaomba nyongeza, wakamjibu abaki palepale. Hata hajakaa, alitaka tukate rufaa siku hiyohiyo. Nikamwomba barua kwanza.

1. Soma barua

Anza na tarehe. Una mwaka mmoja tangu tarehe hiyo. Ukichukua hatua ndani yake na ukashinda, malimbikizo yanaweza kuhesabiwa tangu siku ulipoomba nyongeza. Ukichelewa, mlango haufungwi kabisa, ila malimbikizo hayo huenda ukayaaga. Kisha tafuta sehemu mbili: mambo waliyoyakubali, na maelezo ya kilichokosekana ili upande kiwango. Pigia mstari hiyo ya pili.

2. Omba ripoti ya kipimo

Tumia fomu 20-10206 kuomba nakala ya ripoti ya daktari aliyekupima. Madai mengi ninayoyaona hufia hapa. Ya huyu jamaa ilisema anaendelea vizuri na nyumbani hakuna shida. Nyumbani kwenyewe mkewe alishahamia chumba cha watoto!

Ilikuwaje? Daktari alimuuliza hali, naye akajibu alivyolelewa: nzuri. Sisi hata msibani tunajibu, "Salama, ila tumefiwa." Daktari aliandika ile salama na kwenda swali la pili. Ile "ila" haikupata nafasi.

3. Jua kinachopimwa

PTSD ina viwango vya 0, 10, 30, 50, 70 na 100. Kinachotazamwa ni kiasi ambacho maradhi yamekuvuruga kazini na kwa watu, si ukubwa wa mambo uliyoyaona vitani. Kwenye 50, hutegemeki kazini kama zamani, au hofu ya ghafla inakushika zaidi ya mara moja kwa wiki. Kwenye 70, mambo mengi yameharibika kwa pamoja: kazi, familia, maamuzi, fikra, hali ya moyo. Mawazo ya kujiua yametajwa hapo. Kama unayo sasa hivi, weka fomu kando, piga 988, simu ya msaada ya Marekani, kisha bonyeza 1. Asilimia 100 ni pale ambapo kazi na maisha ya watu vimekushinda kabisa.

Dalili zilizoorodheshwa ni mifano tu. Mahakama ya rufaa za maveterani ilishalisema hilo mwaka 2002 katika kesi ya Mauerhan, kwa hiyo usikate tamaa kwa kukosa mbili tatu.

4. Chagua njia

Tangu Februari 2019 njia ni tatu. Ukiwa na ushahidi mpya, peleka dai la ziada (Supplemental Claim) kwa fomu 20-0995. Kama ushahidi wote ulikuwa kwenye faili na wao ndio waliousoma vibaya, omba mapitio ya ofisa wa ngazi ya juu kwa 20-0996. Huko huongezi hata karatasi moja, ila unaweza kuomba kuzungumza naye kwa simu. Ya tatu ni kwa jaji wa Bodi ya Rufaa za Maveterani, fomu 10182, na hiyo jiandae kusubiri.

Mwenye ripoti mbovu na faili jembamba, mimi humpeleka kwenye 20-0995 karibu kila mara.

5. Andika kilichotokea

Fomu 21-10210 ni ya maelezo yako, ya mke, au ya mwenzako wa kazini. Jamaa yangu aliandika kwanza, "Silali vizuri na nina hasira." Hiyo haimwambii mtu kitu. Tukakaa saa nzima, ikawa: "Tangu Machi nalala sebuleni, kiti kimeelekea mlangoni. Huamka mara tatu kukagua kufuli. Ghalani nimepewa onyo mara mbili kwa kumfokea msimamizi, na zamu ya usiku wameniondoa." Ambatisha barua za onyo na rekodi za matibabu. Usitie chumvi: faili lote linasomwa, na chumvi huonekana.

Kama kazi imekushinda kabisa, ongeza fomu 21-8940. Ukikubaliwa unalipwa kiwango cha 100 hata kama asilimia zako ziko chini.

6. Msaidizi na pesa

Wawakilishi wa vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion hawatozi. Wakili anaruhusiwa kutoza baada ya uamuzi wa kwanza, na asilimia 20 ya malimbikizo huhesabiwa kuwa ya haki. Anayetaka hela kabla hajafungua faili, hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya VA ya walioidhinishwa. Mara nyingi halimo.

7. Kipimo cha pili

Wakikuita, nenda. Kukosa bila sababu kunaweza kuliangusha dai zima. Eleza siku zako mbaya zilivyo na huja mara ngapi. Jamaa yangu alinipigia akiwa kwenye maegesho: "Wakiniuliza hali, nijibu nini?"

Nikamwambia aanzie kwenye ila.