Kubadilisha stadi zilizokatika kwenye gurudumu la Toyota

Stadi (bolti inayoshika gurudumu kwenye habu) moja ikikatika, usiitazame hiyo peke yake. Mzigo wake umebebwa na za jirani, na huenda nazo zimeshavutika. Badilisha mbili za pembeni pia. Zikikatika mbili kwenye gurudumu moja, toa zote.

Toyota ndogo nyingi, kama Corolla, hutumia uzi wa milimita 12 kwa 1.5, yaani unene wa 12 na nafasi ya 1.5 kati ya jino na jino la uzi. Nissan na Subaru nyingi ni 12 kwa 1.25, na ukilazimisha nati isiyo yake, uzi unakufa. Nenda dukani na stadi ya zamani mkononi, upime urefu na unene wa yale meno madogo chini ya kichwa. Yakiwa membamba, stadi itazunguka ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), nati isikaze wala isifunguke.

Legeza nati gari likiwa chini, zuia magurudumu mengine kwa mawe, inua kwa jeki, kisha liegemeze kwenye stendi. Kwa mbele, fungua kalipa (kinachobana pedi za breki kwenye diski) na breketi yake, uifunge kwa waya kwenye springi. Ikining'inia kwa paipu ya breki, paipu inaharibika. Diski ikigoma kutoka, ingiza bolti za milimita 8 kwenye matundu yake mawili yenye uzi, ukikaza kwa zamu.

Zungusha habu hadi stadi ifike penye uwazi nyuma yake, kisha igonge itokee huko. Ikigoma, tumia pula (kifaa cha kusukuma stadi itoke), kwa sababu nyundo nyingi huua beringi.

Kuingiza mpya ndiko wengi wanakokosea. Usiigonge. Ivute: panga washa nne au tano zilizopakwa grisi, funga nati ya zamani upande bapa ukitazama washa, ukaze taratibu kwa spana ya mkono. Chungulia nyuma: kichwa lazima kigusane na habu pande zote. Kikibaki na mwanya, kitamalizia kuingia ukiwa barabarani, na nati italegea.

Futa grisi kwenye uzi. Ukiwa na mafuta, stadi huvutika kupita kiasi hata toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ikisoma sawa. Rudisha diski na kalipa, funga gurudumu, kaza nati kwa kuruka, yaani kutoka moja hadi ya upande wa pili, nyutoni mita 103 kwa Toyota ndogo kama Corolla. Mashine ya upepo ya mafundi tairi isihusike hapa, maana ndiyo hukata stadi nyingi. Kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuondoka, na baada ya kilomita 100 kaza tena.