Nani ana kauli kijijini? Zoezi la saa 24 na punje kumi

Zoezi hili ni la mwezeshaji anayetaka kujua nani anaamua, mke au mume, nyumbani na kwenye vikao vya kijiji. Ukisimama mkutanoni na kuuliza "Nani anaamua nyumbani kwenu?", utajibiwa "Tunashauriana", na hapo zoezi limekwisha. Anza na kazi, nenda kwenye mali, malizia na mauzo. Kazi na pesa zikiachana njia, utaona kauli iko kwa nani.

Unahitaji karatasi kubwa za ukutani, maka peni za rangi mbili, punje 10 za maharage na saa mbili na nusu. Alika wanawake 8 hadi 10 na wanaume idadi hiyohiyo, kila kundi likae peke yake. Mwanamke hatasema lolote la maana mbele ya baba mkwe. Mwezeshaji wa wanawake awe mwanamke. Usiite watu siku ya gulio wala asubuhi. Wajane na wanawake wanaoendesha kaya wenyewe wape karatasi yao, maana ukiwachanganya na walioolewa majibu yatafichana.

Saa 24. Kila kundi lichore siku ya jana, tangu kuamka hadi kulala. Ukisema "siku ya kawaida" watakuchorea siku wanayoitamani. Kazi zinazokwenda pamoja ziandike zote mbili: anapika huku amebeba mtoto. Wanaume wakisema "mama watoto yuko nyumbani tu", usibishane nao. Kama ni kiangazi, chora na siku ya msimu wa palizi, kwani tofauti huwa kubwa.

Punje kumi. Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo usiharakishe. Kwa kila mali (shamba, ng'ombe, kuku, simu, zao la biashara) kundi ligawe punje kati ya mke na mume, mara mbili. Mara ya kwanza: nani anaihudumia au kuitumia? Mara ya pili: nani anaweza kuiuza bila kumwomba mtu ruhusa? Kosa la kawaida ni kuuliza "ni ya nani?", swali linalochanganya kutumia na kumiliki.

Chukua kihamba cha Kilimanjaro, yaani shamba la familia la migomba na kahawa. Kwa desturi kahawa ni ya mwanamume, ndizi na maziwa ni vya mama. Mama anapalilia na kuchuma kahawa, lakini malipo hufuata jina lililoandikwa kwenye chama cha msingi cha ushirika kinachonunua kahawa. Ndizi nazo usizipitie juujuu: uliza nani anauza mkungu mmoja, kisha nani anapatana bei lori la mnunuzi likifika. Zao la mama likianza kuleta pesa nyingi, mara nyingi hubadilisha mikono. Na kama mume anafanya kazi mjini, uliza: kabla ya kuuza mbuzi, simu inapigwa kwa nani?

Daftari la mihtasari. Mwombe mtendaji wa kijiji mihtasari ya vikao vya mwaka mmoja. Kwa sheria za Tanzania, wanawake kwenye Halmashauri ya Kijiji hawapungui robo ya wajumbe, na Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, wakiwamo wanawake 3. Viti vikitimia usiridhike. Hesabu hoja zilizoletwa na wanawake, na ngapi zilipitishwa. Halafu weka saa ya vikao juu ya mchoro wa saa 24. Kikao cha saa kumi jioni huangukia kwenye kuni, maji na chakula cha usiku. Mjumbe yupo kwenye orodha, ila uamuzi unapitishwa yeye akiwa jikoni.

Kabla ya kukutanisha makundi yaonyeshane karatasi, waulize wanawake karatasi ipi ionyeshwe na ipi ibaki kwao. Usiandike jina la mtu, na mfano wa nyumba fulani usiutaje ukumbini: aliyeusema anaweza kupigwa usiku huo. Ukimaliza, karatasi ondoka nazo. Usiziache ofisi ya kijiji, mwandiko hutambulika.